UZI: Filamu wanaielewa, shairi linawashinda. Tunakosea wapi kwenye kufundisha dhamira darasa la Kiingereza sekondari?

#1 Chaki Nyeupe
Habari wakuu. Onyesha filamu ya saa mbili, uliza dhamira ni nini, nusu ya darasa wananyoosha mikono. Gawa shairi la mishororo 8, uliza swali lilelile, kimya. Atakayejitosa atasema "maumbile" au "mapenzi", na hapo ndipo mwisho.

Hoja yangu: tumekosea mpangilio. Mashairi huwekwa mwanzoni, filamu inakuja mwisho kama kifuta jasho. Tugeuze. Filamu itangulie, wajifunze kusaka dhamira mahali wanapoona kwa macho, kisha wahamishie ujuzi huo kwenye shairi. Anayepinga aseme kwa nini.

#2 Kalamu Nyekundu
Napinga mkuu. Hiyo mikono inakudanganya. Hawajaelewa dhamira ya filamu, wamekumbuka kisa. Waambie waandike dhamira kwa sentensi moja isiyo na jina la mhusika wala tukio lolote. Karatasi nyingi zitabaki na neno moja: urafiki, vita, familia. Hiyo ni mada. Dhamira ni kile kazi inachosema KUHUSU mada hiyo, na lazima kiwe jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulibishia. "Urafiki ni muhimu" hakuna wa kubisha, kwa hiyo hujasema kitu. "Urafiki uliojengwa juu ya adui mmoja huvunjika adui akiondoka", hapo sasa unarudi kwenye kazi kutafuta ushahidi wa kuunga na wa kupinga.

Shairi halina kisa cha kujifichia, ndiyo maana linawaumbua. Kosa ni lilelile pande zote mbili, ila kwenye filamu halionekani.

#3 Mistari Mishata
Nyote wawili mmeruka ngazi ya kwanza, ambayo ni lugha. Kiingereza cha ushairi hupindua sentensi: kitenzi kinacheleweshwa, kiima kimeachwa mishororo mitatu nyuma. Mwanafunzi ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anasimama mwisho wa kila mshororo kana kwamba pana nukta, halafu anajaribu kuelewa vipandevipande. Hataweza, hata awe hodari namna gani.

Kabla neno dhamira halijatajwa, tenga dakika 10. Soma kwa sauti ukifuata alama za uakifishaji, si mwisho wa mshororo. Wapige mstari wima mwekundu kwenye kila nukta ili waone shairi lina sentensi ngapi. Shairi la mishororo 14 laweza kuwa na sentensi mbili tu. Kila sentensi watafute kitenzi kikuu, wakizungushie duara, waulize nani anatenda. Mwisho viwakilishi: kila "it" na kila "they" iunganishwe kwa mshale na kitu inachorejelea. Mshale usipofika popote, hapo ndipo uelewa ulipokatika, na hapo ndipo pa kusaidia.

Na maneno magumu msiwaachie wakisie. Yakizidi matano kwenye shairi fupi, weka maana pembeni ya ukurasa. Kipindi cha dhamira kisigeuke kipindi cha kamusi.

#4 Fremu24
Nakubali hatua za Mistari Mishata, lakini naunga mkono #1. Tatizo ni namna filamu inavyoonyeshwa. Kuwasha filamu nzima kwa mkupuo ni kupoteza vipindi vitatu. Chagua kipande cha dakika 2 hadi 3 ambamo kitu kinageuka, kitazamwe mara tatu.

Mara ya kwanza bila sauti. Mara ya pili sauti tupu, skrini imefunikwa. Mara ya tatu vyote pamoja. Kila mmoja awe na karatasi yenye safu tatu: ninachoona, ninachosikia, kinachobadilika. Safu ya tatu ndiyo inayobeba dhamira, na huwa tupu hadi utazamaji wa tatu. Usiogope huo utupu.

Linaloharibika: kwenye safu ya kwanza wanaandika "ana huzuni". Hiyo ni hukumu, si kitu kinachoonekana. Warudishe: umeona nini hasa? Mabega yameshuka, uso umegeukia dirishani, taa iko nyuma yake kwa hiyo macho hayaonekani. Wakizoea kuandika hivyo kwenye filamu, wataanza kuuliza swali lilelile kwenye shairi: neno gani hasa limenifanya nione huzuni?

#5 Bi. Mizani
Mimi nataja sababu nyingine: sauti. Filamu inawajia na muziki, pumzi na ukimya. Shairi tunawagawia karatasi wasome kimya. Tumeliua kabla halijasema.

Kuna mtego wa pili kwa wasomaji wa Kiswahili. Sisi tunahesabu mizani, yaani silabi. Arudhi (kanuni za mapigo ya shairi) ya kawaida ya Kiingereza inaangalia mkazo: silabi nzito na nyepesi zinavyopokezana. Na mkazo wa Kiswahili kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanafunzi anaupeleka hukohuko kwenye maneno ya Kiingereza na mapigo yanavurugika. Dawa: wagonge meza kwenye silabi nzito tu, mwalimu akisoma. Mahali mapigo yanapokosea makusudi, mshairi anakusimamisha. Weka alama hapo, ndipo penye jambo.

Vina pia. Vya Kiingereza ni vya sikio, si vya tahajia. "Love" na "move" macho yanasema vinalingana, sikio linakataa.

#6 Chaki Nyeupe
Asanteni. Naomba mfano halisi: shairi moja, filamu moja. Tumalize nadharia.

#7 Mkato
Jozi inayotumika madarasa mengi: "Nothing Gold Can Stay" la Robert Frost (1923) na filamu ya The Outsiders (1983) ya Francis Ford Coppola. Shairi lina mishororo 8, maneno 40, kila mshororo mizani 6. Linasomwa chini ya nusu dakika, kwa hiyo laweza kusomwa mara tano kipindi kimoja.

Usiulize dhamira. Uliza vitenzi. Kuanzia mshororo wa tano vinakuja vitatu mfululizo: jani linatulia chini kuwa jani, Edeni inazama, alfajiri inashuka kuwa mchana. Vyote vitatu vya kwenda chini. Sasa waulize: jua la alfajiri linapanda au linashuka? Linapanda. Mbona mshairi amesema alfajiri inashuka? Darasa likibishana hapo kwa dakika tano, dhamira imeshaingia yenyewe: kwake Frost, hata kukua ni kupoteza. Mchana ni hasara ya alfajiri.

Hakuna anayeandika "maumbile" baada ya hapo.

#8 Bi. Mizani
Mkuu Mkato, vitenzi umevipatia, mizani hapana. Mshororo wa tatu una 7, wa nne una 6 au 7 kutegemea unavyotamka neno la mwisho, na wa mwisho kabisa una 5 tu. Hebu hesabu kwa vidole. Huo upungufu ndio moyo wa shairi: mshororo unaosema dhahabu haidumu wenyewe haukudumu hadi mwisho wake. Umepungukiwa silabi moja, ile ya mwanzoni, kwa hiyo unaanza na pigo zito moja kwa moja. Mwanafunzi akiligundua hilo amepata hoja ya fani na dhamira kwa pamoja.

#9 Mkato
Nimehesabu. Kweli, 5. Nasalimu amri.

#10 Kalamu Nyekundu
Jozi hiyo ni nzuri kwa sababu ambayo wengi huikosa. Insha nyingi husema "shairi na filamu zina dhamira moja: uzuri haudumu". Si kweli. Shairi linasema dhahabu haiwezi kubaki. Kwenye filamu, kijana Johnny akiwa kitandani anakaribia kufa anamwambia rafiki yake Ponyboy abaki dhahabu, na kwenye barua anaeleza kwamba dhahabu ni kuendelea kuona vitu kama mtoto anavyoviona kwa mara ya kwanza. Anamjibu mshairi. Anakataa.

Swali zuri la insha basi ni hili: filamu inakubali shairi au inalipinga, na nani ana ushahidi mzito zaidi? Hapo mwanafunzi analazimika kusema kitu kinachobishaniwa, kama nilivyosema #2.

#11 Kitabu Wazi
Naongeza jozi nyingine: shairi la "Invictus" la Henley na filamu ya jina hilo ya 2009. Wanafunzi hulipenda, mishororo 16, beti nne, na historia ipo: Mandela alimpa nahodha wa timu ya raga shairi hilo kabla ya Kombe la Dunia la 1995, kwa hiyo dhamira inakuja na ushahidi wa maisha halisi.

#12 Mistari Mishata
Kitabu Wazi, hapo pana la kurekebisha. Shairi kumpa nahodha ni uamuzi wa watengeneza filamu. Mandela alichompa nahodha huyo, Pienaar, kilikuwa kipande cha hotuba ya Theodore Roosevelt ya Paris, 1910, kile kinachomsifu mtu aliye uwanjani kuliko mkosoaji wa pembeni. Kwamba Mandela alilipenda shairi la Henley gerezani, hilo ni kweli.

Usiitupe jozi yako, kosa hilo lifanye somo. Weka vyote viwili mbele ya darasa. Shairi: mtu peke yake gizani, nafsi yake haishindwi. Hotuba: mtu mbele ya watu, anajaribu, anaanguka, anarudi. Kwa nini filamu ichague la kwanza? Kwa sababu linaunganisha chumba cha gereza na uwanja. Mwanafunzi anaona dhamira ikichaguliwa, na anajifunza kutotaja filamu kama ushahidi wa historia.

#13 Kitabu Wazi
Nimeelewa, asante mwalimu. Nabadilisha maelezo ya somo hilo.

#14 Fremu24
Kwa madarasa ya juu: shairi la Dylan Thomas la kumkataza baba asikubali kufa kwa upole, lililochapishwa 1951, na filamu ya Interstellar (2014). Umbo lake ni vilaneli: mishororo 19, tathlitha tano (beti za mishororo mitatu) na tarbia moja (ubeti wa minne) ya kufungia, vina viwili tu shairi zima. Vibwagizo ni viwili. Cha kwanza kiko mshororo wa 1, 6, 12 na 18. Cha pili 3, 9, 15 na 19. Wape namba hizo wapake rangi mbili tofauti, umbo lote linaonekana kwa dakika mbili.

Sasa ile kazi ya kibwagizo, filamu inaifanya kwa kubadilisha msemaji. Mara ya kwanza Profesa Brand analisoma chombo kikiondoka: ni baraka ya safari. Baadaye anayataja maneno hayo akiwa anakufa, muda uleule anakiri kwamba amewadanganya watu. Na mwanaanga Mann anayarudia kwa mtu ambaye amemwacha afe. Maneno hayajabadilika, nafsineni (anayesema) imebadilika, na dhamira imegeuka kutoka ujasiri kwenda ubinafsi. Kwenye shairi baba anatajwa ubeti wa mwisho tu. Waulize: filamu imemweka nani mahali pa baba?

#15 Mistari Mishata
Mfano mzuri, ila nina onyo kuhusu njia yenu nzima. Filamu inayonukuu shairi huwapa wanafunzi tafsiri iliyopikwa tayari. "Funeral Blues", shairi la Auden, ni ushahidi. Kwenye Four Weddings and a Funeral (1994) linasomwa mazishini na linaliza watu. Lakini beti mbili za mwanzo zilitoka kwenye tamthilia ya 1936 aliyoiandika na mwandishi mwenzake Isherwood, na kule lilikuwa la kejeli, maombolezo ya kupita kiasi kwa mwanasiasa. Toleo la beti nne, mishororo 16, lilikuja baadaye. Mwanafunzi aliyetangulia kuona filamu haioni tena ile chumvi ya kusimamisha saa na kukata simu. Analia tu.

Ndiyo maana nasema shairi litangulie. Au chagua kazi mbili zisizojuana kabisa, zilizogusa mada moja.

#16 Chaki Nyeupe
Hapo umenigusa. Lakini zisizojuana wataunganishaje? Wataishia "zote mbili zinahusu kifo".

#17 Mkato
Waunganishe kwa ufundi, si kwa mada. Karibu na mwaka 1920, mtengeneza filamu wa Urusi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uleule, akaubandika kando ya bakuli la supu, maiti jenezani na mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni, tamaa, wakamsifu mwigizaji kwa umahiri. Uso haukubadilika, kilichobadilika ni jirani yake.

Halafu wape shairi la Ezra Pound la 1913 kuhusu nyuso kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Mishororo miwili, maneno 14 bila kuhesabu anwani, hakuna kitenzi hata kimoja. Mshororo wa kwanza nyuso kwenye umati, wa pili petali kwenye tawi jeusi lililolowa. Ni shoti mbili (vipande vya picha vya kamera) na mkato katikati.

Angalia alama iliyo mwisho wa mshororo wa kwanza. Matoleo mengine yana nukta mbili, mengine nukta mkato. Andika yote mawili ubaoni. Nukta mbili inasema nyuso NI petali. Nukta mkato inaviweka kando kwa kando, msomaji aunganishe mwenyewe. Kidoti kimoja kimebadilisha uhariri.

#18 Bi. Mizani
Hapa Mkato amelipa deni la #7 pamoja na riba.

Nyongeza ndogo: maelezo ya jaribio la Kuleshov hutofautiana. Kuna wanaotaja mtoto jenezani, wengine mtu mzima, na picha za asili hazipo. Mwambieni mwanafunzi aandike "inasimuliwa kwamba". Jaribio lenyewe ni rahisi kurudia kwa simu: picha moja ya uso usio na hisia, picha tatu za vitu, nusu ya darasa ione jozi moja na nusu ione nyingine, kila mmoja aandike neno moja. Wakilinganisha maneno wataona maana inakotengenezwa.

#19 Tathlitha
Nimesoma uzi wote. Naona hata sisi tunachanganya. Neno dhamira kwenye vitabu vya fasihi ya Kiswahili lina kazi mbili: kuna wanaolitumia kwa wazo kuu la kazi, kuna wanaolitumia kwa lengo la mwandishi. Na wapo wanaoliweka chini ya maudhui pamoja na ujumbe na falsafa. Mwanafunzi anatoka kipindi cha Kiswahili akiwa na "dhamira ni kusudio la msanii", anaingia cha Kiingereza anaandika "the writer wants to tell us", halafu anakatwa maksi. Kosa si lake. Anahamisha alichofundishwa saa moja iliyopita.

#20 Kalamu Nyekundu
Tathlitha, hiyo ni sababu ambayo sikuifikiria na naiona kwenye karatasi kila mara. Kwenye Kiingereza tunataka "the poem suggests", kazi ndiyo isemayo, si mtu. Walimu wa masomo hayo mawili wakae pamoja.

Kwa kuwa tumefika kwenye insha: msiwaruhusu kuandika nusu ya kwanza shairi, nusu ya pili filamu. Ulinganisho utabaki kwenye hitimisho peke yake. Kila aya iwe na hoja moja inayogusa kazi zote mbili. Nukuu ya shairi maneno matatu hadi sita, iingie ndani ya sentensi, mkwaju (/) kuonyesha mshororo umevunjika. Filamu nayo inanukuliwa: kamera ilipo, mwanga unakotoka, kinachosikika, shoti inakatwa wapi. Bila hayo, upande wa filamu utakuwa muhtasari.

Na futeni zile fomula: kamera ya chini maana yake nguvu, rangi nyekundu maana yake hatari. Kamera ikimtazama mtu kutoka chini yaweza kumfanya mkubwa, au kumwonyesha dari likimkandamiza. Angalia kilicho juu ya kichwa chake kabla hujaamua.

#21 Fremu24
Zoezi la mwisho kwa upande wangu: geuza shairi kuwa orodha ya shoti. Karatasi moja, masanduku 8 hadi 12, kila sanduku picha moja, umbali wa kamera, sauti, na maneno ya shairi yanayoihalalisha. Vikundi vya wanne, dakika 40.

Mambo mawili huharibika. Wanakata shoti kila mwisho wa mshororo, hata sentensi ikiwa inaendelea, na hapo zile alama nyekundu za #3 zinawaokoa. Pili wanakwama kwenye maneno yasiyopigika picha: tumaini, wakati, hatia. Wanachora moyo au saa. Usiwape jibu. Waulize mshairi mwenyewe amelifananisha na nini. Wakirudi kwenye shairi kutafuta, wanaikuta sitiari wenyewe, na wanaikuta kwa sababu wanaihitaji.

#22 Mistari Mishata
Zoezi hilo linaanza na shairi, nashukuru kwa kura.

#23 Fremu24
Linaanza na shairi kwa darasa ambalo tayari limejua shoti ni nini. Bado filamu imetangulia.

#24 Chaki Nyeupe
Sijabadili msimamo wote, ila nimeupunguza. Filamu nzima sasa naiondoa mwanzoni. Naweka kipande cha dakika 3 mara tatu kwa njia ya #4, siku inayofuata shairi la mishororo 8 kwa hatua za #3 na vitenzi vya #7, likisomwa kwa sauti kabla ya karatasi kugawiwa. Lisilo wazi kwangu ni moja: kwenye ule utazamaji wa kwanza bila sauti, maandishi ya tafsiri chini ya skrini yaachwe au yazimwe? Yakiachwa wanasoma hawatazami. Yakizimwa, wasioshika Kiingereza cha haraka wanapotea mara ya tatu.

#25 Bi. Mizani
Yazime mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu yawashe, ya Kiingereza, si ya lugha nyingine.

#26 Mistari Mishata
Bi. Mizani, hata mara ya tatu ningeyazima na kuwapa mazungumzo yamechapwa, nusu ukurasa, wasome kabla. Macho yabaki kwenye picha.